Ufunguo wa Pili wa Gari: Tafuta Wakati wa Kwanza Bado Uko Mfukoni

Barua za mwezi huu nyingi ni za funguo. Nilikuwa nimejitayarisha kujibu za breki na mafuta kama kawaida, kumbe watu huku Mombasa wanaumia na funguo, mmoja kaniandikia akiwa amesimama nje ya gari yake kule ferry ya Likoni kwa saa nne nzima. Basi ukurasa wote nimewapa hao, maana hili jambo linakula pesa za watu na wengi wanalipa mara mbili mara tatu kwa kutojua tu ule ufunguo wa siku hizi una nini ndani.

SWALI: Asalaam aleikum. Naitwa Mwanaisha, niko Mikindani. Nina Toyota Vitz nimeichukua yadi ya kuuza magari mwaka jana ikiwa na funguo moja tu, ile ya kuzungusha yenye vitufe viwili vya kufunga na kufungua. Nikauliza ya pili iko wapi nikaambiwa imekuja hivyo hivyo kutoka Japan. Duka moja la mjini wameniitisha elfu kumi na nane, nikatoka mbio. Nikaenda kwa fundi wa barabarani akanichongea kwa mia tano, inafungua mlango vizuri na kwa swichi inazunguka mpaka mwisho, lakini stata inapiga tu gari haishiki, na kuna kitaa chekundu kwa dashibodi kinapepesa hakiishi. Je nimeibiwa? Na ntapata wapi ya bei ya mtu wa kawaida?

JIBU: Wa aleikum salaam dadangu Mwanaisha. Hujaibiwa. Yule fundi amekufanyia kazi yake sawasawa, ila ni theluthi moja tu ya kazi na hakukwambia, na pengine hata yeye mwenyewe hakujua gari yako ni ya aina gani. Na huo wa mia tano usiutupe, ntakueleza utakavyokufaa.

Ule ufunguo wako uliokuja na gari ni vitu vitatu vinavyokaa pamoja kama wapangaji wa nyumba moja, kila mtu na chumba chake. Kuna chuma chenye meno, kazi yake kufungua mlango na kuzungusha swichi. Kuna rimoti, yaani vile vitufe na betri yake, kazi yake kufunga na kufungua milango ukiwa mbali, basi, hana kazi nyingine. Halafu kuna chipu. Hii haina betri wala haijuani na vitufe, ni kidude cheusi kadiri ya mbegu ya ukwaju kimefichwa kwenye kichwa cha ufunguo, na hicho ndo kinachoamua gari iwake au isiwake. Ukitia ufunguo kwenye swichi kuna koili, yaani waya uliosokotwa duara, imezunguka pale mdomoni, ile koili inatoa mawimbi yanayoipa chipu nguvu kidogo ya kujibu, chipu inajitambulisha, kompyuta ya gari inasikiliza, ikiitambua inaachilia injini na isipoitambua utapiga stata mpaka betri ikauke. Mfumo huo ndo unaitwa imobilaiza. Ulaya ulikuwa lazima kwa magari mapya kufikia mwaka 1998, kwa sababu wizi ulikuwa umewazidi.

Sasa kile kitaa chako. Kikipepesa gari ikiwa imefungwa na ufunguo uko nje, hiyo ni kawaida, inakwambia mlinzi yuko kazini. Lakini kikiendelea kupepesa na ufunguo uko ndani ya swichi, maana yake gari imeangalia ufunguo haikuona chipu inayoijua.

Hapa nataka nisimame kidogo kwa wengine wanaosoma, kabla hamjakimbilia kununua chipu. Si kila gari ya Japan ina imobilaiza. Probox, Succeed na Vitz za daraja la chini nyingi zilitoka bila, na kwa hizo ufunguo wa kuchonga wa mia tano ndo mwisho wa safari, gari inawaka na maisha yanaendelea. Nimeona mwenye Probox akitozwa pesa za chipu ambayo gari yake haina mahali pa kuisoma, na hilo limeniuma sana. Kujua ni rahisi. Chukua foili, ile karatasi ya fedha ya kufunikia nyama ya oveni, zungushia kichwa cha ufunguo mara tatu nne uache chuma tu nje, toa funguo nyingine zote kwenye pete, halafu washa. Ikiwaka na kuendelea kuunguruma, kuna uwezekano mkubwa gari yako haina imobilaiza. Ikikataa, kisha ukatoa foili ikawaka, basi inayo. Huna haja ya kumlipa mtu kukwambia hilo.

Wewe Mwanaisha umeshajua yako inayo. Tuje kwa pesa.

Ile elfu kumi na nane, mara nyingi bei kama hiyo ni ya vitu vyote vitatu kwa mkupuo, tena ufunguo wenye vitufe kama wa kiwandani. Mi naona wewe huhitaji hivyo. Ufunguo wa spea unakaa kabatini mwako ukingoja siku mbaya, siku hiyo ikifika utafungua mlango kwa mkono na utawasha gari, vitufe vya nini? Kamwambie fundi nataka ufunguo wa chipu bila rimoti. Hilo neno peke yake linashusha bei vibaya sana. Na mwambie aanze kwa kuuangalia huo wa mia tano, kama kichwa chake kina tundu la kutilia chipu basi kuchonga umeshalipia, kilichobaki ni chipu na mashine. Kama hauna tundu, bado ni mzuri wa kufungulia mlango siku ukifungia ufunguo ndani.

Wangu nilitengenezewa na fundi mmoja Mwembe Tayari, nilikaa pale kwenye benchi yake nikaangalia mwanzo mpaka mwisho. Akafungua kichwa cha ufunguo kwa bisibisi ndogo ya saa, akazima feni kwanza, akaniambia hii ikiruka chini ya meza leo hatulali. Akaitoa ile chipu kwa kikoleo kama cha kunyofolea nyusi akailaza juu ya mashine, mashine ndogo ya kushika mkononi, kioo chake kikaandika aina ya chipu. Akatoa chipu tupu kwenye kikopo cha dawa, akaitia kwenye ufunguo mpya aliouchonga, kisha tukaenda kwa gari, akachomeka waya kwenye soketi ya OBD, ile ya kuunganishia mashine na kompyuta ya gari, iliyo chini ya usukani, akaniambia tia wa zamani, toa, tia mpya, subiri kitaa kizimike. Kikazimika. Nililipa elfu nne na mia tano kwa kila kitu. Yako inaweza kuwa juu au chini ya hapo, inategemea aina ya chipu, lakini ujue kazi yenyewe ni hiyo nimekuonyesha, si uganga.

Aina ya chipu unaweza kuanza kuichungulia mwenyewe. Kwenye Toyota nyingi tazama chuma cha ufunguo pale karibu na kichwa, utaona pengine kidoti, au herufi G, au herufi H. Hizo ni chipu tatu tofauti. Ya kidoti ni ya zamani na ndo rahisi zaidi kunakili, ya H ni mpya na inataka mashine nzuri zaidi, kwa hivyo fundi akikuuliza kwa simu gari gani, mwambie na hiyo alama, atakupa bei ya kweli badala ya ya kukisia.

Na kuna njia mbili, uulize atatumia ipi. Moja ni kopi, anachukua alichosema ufunguo wako na kukiandika kwa chipu nyingine, gari inadhani ni ufunguo ule ule, hata hagusi gari. Nyingine ni kusajili, gari yenyewe inafundishwa kwamba kuna mgeni mpya anaitwa fulani. Kopi huwa bei nafuu. Mimi napenda zaidi kusajili kwa sababu siku ufunguo mmoja ukipotea unaweza kuufuta kwenye kumbukumbu ya gari na ule mwingine ukabaki, lakini kopi wote wawili ni mtu mmoja, ukifuta mmoja umefuta wote.

Pale kwa simu uliza bei ya vyote pamoja, chuma, kuchonga, chipu, kuprogramu, na nauli kama anakuja kwako. Kuna wanaokwambia elfu mbili ukifika wanaongeza moja moja mpaka unajuta. Na kama hapo mtaani kwenu kuna majirani wawili watatu wenye shida hiyo hiyo, na najua wapo maana magari mengi ya bandarini yanashuka na ufunguo mmoja, muiteni fundi siku moja aje awahudumie wote. Hilo fundi analipenda na bei itashuka bila ugomvi.

Kabla hujamtumia M-Pesa, jaribu. Ule wa zamani mpe mtoto aende nao mbali kabisa, ndani ya nyumba, usibaki kwenye pete moja na mpya wala mfukoni mwako, maana chipu mbili zikikaribiana pale kwenye swichi zinachanganya gari na unaweza kufurahia ufunguo ambao haufanyi kazi. Washa, acha iungurume dakika moja mbili, zima, toa ufunguo, ngoja kitaa kianze kupepesa, washa tena. Mara tatu. Fungua na mlango wa dereva kwa mkono, na buti.

Kuna jambo moja naomba usilikubali. Kuna fundi atakwambia nikupe ya rahisi, naichukua chipu yako ya zamani naigandisha kwa gundi karibu na swichi ndani ya plastiki, baada ya hapo ufunguo wowote wa mia tano unawasha. Ni kweli unawasha. Na mwizi naye bisibisi yake itawasha. Umeua mlinzi ili upunguze mshahara.

Na wewe unayesoma hii ukiwa bado hujalipia gari yadi, ufunguo wa pili uuliziwe kabla pesa hazijatoka. Mara nyingine upo, uko ofisini kwa ajenti ndani ya bahasha, kwa hivyo mtu apige simu. Kama kweli haupo, mwambie muuzaji akupunguzie kwenye bei ya gari gharama ya kuutengeneza. Na uliza kibati, kile kidude kidogo cha aluminiamu chenye namba ambacho hufungwa kwenye pete ya funguo za Japan. Watu wanakitupa wakidhani ni takataka. Ile namba ndo mchoro wa meno ya ufunguo wako, mtu mwenye mashine anaweza kuchonga ufunguo akiwa na namba hiyo tu bila kuona ufunguo wenyewe. Ipige picha leo ujitumie mwenyewe kwa simu, kisha kibati chenyewe kitoe kwenye pete ukiweke pamoja na karatasi za gari.

SWALI: Sasa kaka, mimi nina Toyota Axio ya kubonyeza stati. Nilitaka spea nikaona funguo za smati za mitumba zinauzwa mtandaoni, nikachukua moja elfu tatu na mia tano inafanana na yangu mpaka nembo. Mafundi watatu wameshindwa kuiingiza, wa mwisho ananiambia shida iko kwa gari nilete elfu ishirini afungue kompyuta. Nifanyeje? Salim, Bamburi.

JIBU: Salim ndugu yangu, hiyo elfu ishirini ikalie kwanza. Gari yako sidhani ina shida yoyote. Shida ni ule ufunguo.

Funguo za smati za Toyota, yaani zile zisizotiwa kwenye swichi, zikishasajiliwa kwa gari moja zinajifunga, ni kama laini ya simu iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine. Uliyonunua ina gari yake huko ilikotoka na ndani imeandikwa hivyo. Kuna mashine zinazoweza kuurudisha ukawa mtupu kama mpya, lakini si kila bodi, ile sahani ya umeme iliyo ndani ya ufunguo, inakubali na si kila fundi anayo mashine hiyo, kwa hivyo ukienda kwa fundi mwingine swali lako liwe moja tu, unaweza kuufungua huu ufunguo uwe mtupu, ndiyo au hapana? Anayebabaika shukuru uondoke.

La pili, kufanana kwa nje si kitu. Ganda ni plastiki. Fungua ufunguo wako taratibu uangalie bodi ndani, ile ya kijani, kwenye Toyota nyingi za Japan kuna namba inayoanza na 271451 kisha kistari na tarakimu nne. Hizo nne za mwisho ndo muhimu. Ufunguo wa mitumba ambao tarakimu zake si kama zako usiununue hata ukiwa bei ya kilo ya sukari. Na angalia ulikotoka, za Japan zinatumia mawimbi ya redio ya masafa ya kama megahezi 315, za Uingereza na Ulaya 433. Watu wanaletewa zawadi na jamaa walioko London, ufunguo mzuri unang'aa, na gari haiusikii kamwe.

Kwa bei nafuu nakushauri hivi. Siku hizi kuna funguo tupu za smati zinatengenezwa na kampuni za mashine zenyewe, Xhorse, Autel, KEYDIY, fundi anachomeka kwenye mashine yake anaandika uwe wa Toyota ya namna yako, kisha anausajili kwa gari. Si wa kiwandani, mara nyingine haushiki mbali kama wa asili, lakini kwa spea unatosha kabisa na ni mpya, haujawahi kuwa wa mtu. Na ule wa mitumba haukupotea bure, kama ganda la ufunguo wako wa kila siku limechakaa vitufe vimetoboka, hamisha bodi yako uitie kwenye ganda hilo.

Usisahau kijiti cha chuma kilicho ndani ya ufunguo wa smati. Wengi hawajui kipo. Kuna kitufe kidogo ubavuni, ukikisukuma kijiti kinachomoka, hicho ndo cha kufungulia mlango siku betri ya ufunguo ikifa, na ufunguo mpya huja na kijiti kisichochongwa, kwa hivyo hakikisha fundi amekichonga. Siku hiyo ukishaingia, kanyaga breki kisha gusisha ufunguo wenyewe, upande wenye nembo, kwenye kile kitufe cha stati, gari itausoma kwa karibu bila betri, italia kidogo, halafu bonyeza. Wangapi wamevuta gari kwa winchi kwa ajili ya betri ya shilingi mia mbili!

Hizo betri Toyota wenyewe wanasema zinakaa mwaka mmoja hadi miwili. Namba yake imeandikwa mgongoni, CR2032 au CR1632 au nyingine, peleka ile ya zamani dukani ulinganishe usikisie. Na usiweke ufunguo juu ya runinga au kando ya kompyuta na chaja, weka mbali kama mita moja, maana yale mawimbi yanaufanya ufunguo ukeshe unasikiliza na betri inaisha haraka. Spea yenyewe, ikiwa utaiweka miezi bila kuitumia, toa betri uifunge kando kwa karatasi, hewa yetu hii ya chumvi inakula vyuma vya betri mpaka bodi inaota kutu ya kijani.

SWALI: Ndugu mhariri, naandika nikiwa Likoni. Leo asubuhi nikiwa kwa foleni ya kuvuka nimezima gari, nikashuka kununua kahawa na kaimati hapo kando, kurudi ufunguo sina, mfukoni hamna, chini hamna, na ni wa pekee. Nissan Note. Watu wa ferry wamenisaidia kuisukuma kando na nimekaa nje saa nne sasa. Kuna anayesema nivunje kioo, kuna anayesema nivute hadi gereji. Nisaidie. Baba Rehema.

JIBU: Pole sana mzee wangu, najua barua yangu imekufikia kwa kuchelewa na Mungu akipenda ulishatoka hapo, lakini kesho kutakuwa na mwingine kwa hiyo nakujibu kwa faida ya wote. Mimi mwenyewe nshasimama hapo hapo na gari iliyokataa, nyuma yangu honi mpaka juu kule kilimani, ile aibu na jua lile naijua.

Kioo usivunje. Kwanza kitagharimu pesa, pili hakitawasha gari, utakuwa umeingia ndani ya sanduku. Kuvuta pia usikimbilie. Hii kazi inaweza kufanywa pale pale gari ilipo, tafuta fundi wa funguo anayekuja na mashine yake na umuulize kwa simu maneno haya, funguo zote zimepotea, Nissan Note, ya kubonyeza au ya kuzungusha, mwaka fulani, unaweza? Yule anayeweza anafungua mlango kwa vyombo vyake bila kuvunja kitu, na kwa kusoma kitasa cha mlango anajua meno yalivyo, hapo ndo kile kibati cha namba nilichomwambia Mwanaisha kingekuokolea muda.

Kwa Nissan mashine itataka pin, namba ya siri ya gari, ambayo inapatikana kwa kusoma kompyuta ya bodi ya gari. Mashine nzuri inaisoma yenyewe. Kwa baadhi ya Toyota hakuna pin, mfumo unafutwa na kuanza upya na mashine hukaa dakika 16 inahesabu, mwenye gari anadhani fundi amekwama, msimharakishe na msizime swichi katikati. Kwa magari mengine inabidi kutoa kisanduku cha imobilaiza chini ya dashibodi na kuandika upya kumbukumbu yake kwa mkono, na hapo ndo bei inaruka. Huo ndo ukweli wa hili jambo zima, ukiwa na ufunguo mmoja unaofanya kazi, wa pili ni kuongeza tu, ukiwa huna hata mmoja, fundi anaanza kujenga kuanzia msingi, na utalipa msingi.

Akija mwonyeshe kitambulisho na logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, hata iliyo kwenye simu. Fundi anayekuja kufungua gari bila kukuuliza lolote mimi simwamini, kwa sababu kesho ataifungua yako kwa mtu mwingine vile vile. Pitia kituo cha polisi uandikishe kwenye OB, kile kitabu chao cha matukio, kwamba ufunguo umepotea. Na mwambie fundi afute funguo zote za zamani kwenye kumbukumbu, aliyeokota ule wako pale ferry asibaki na kitu cha maana mkononi. Tengeneza funguo mbili kwa siku hiyo hiyo, mashine imeshafunguliwa, pin imeshapatikana, wa pili utalipa kidogo sana juu ya wa kwanza. Halafu angalia karatasi za bima yako au mpigie ajenti, kama ni bima kubwa ya komprehensivu kuna zingine zinagusia funguo, uliza tu.

SWALI: Mwanangu ameingia baharini kwenye ufuo wa Pirates na ufunguo wa gari ukiwa kwa mfuko wa kaptula. Tumeutia kwa mchele siku mbili. Vitufe havifanyi. Tununue mpya? Mama Zuhura, Kisauni.

JIBU: Mama, mchele urudi jikoni, hausaidii hapo. Maji ya bahari yakikauka yanaacha chumvi na chumvi ndo inayokula bodi. Fungua ufunguo, toa betri, osha bodi kwa maji yaliyokenekwa (distilled), yale ya kutia kwenye betri ya gari, yawe maji matupu si asidi, sugua pole pole kwa mswaki laini na spiriti, acha ikauke kivulini siku nzima, tia betri mpya. Mara nyingi zinarudi zikioshwa mapema. Na hata vitufe vikikataa kabisa, kama ni ufunguo wa kuzungusha jaribu kuwasha gari, chipu imefungwa vizuri na haina betri, bahari haiisumbui sana. Ikiwaka, mna spea tayari, hiyo hiyo. Ila kama chipu imetoka kwenye ganda wakati wa kufungua, angalieni vizuri mezani kabla ya kufagia.

SWALI: Mimi nina hofu. Ninapoacha gari na ufunguo kwa wanaoosha gari, au hata huyo fundi wa funguo, hawezi kujitengenezea wake? Na nimesikia kuna watu wanafungua magari ya kubonyeza ufunguo ukiwa ndani ya nyumba. Kweli? Fatma, Tudor.

JIBU: Dada Fatma, hofu yako ina msingi na nashukuru umeuliza.

Kwa fundi, kuna dawa. Mashine nyingi zinaweza kuonyesha gari ina funguo ngapi zilizosajiliwa. Kabla hajaanza mwambie nisomee idadi, akimaliza asome tena mbele yako. Ilikuwa moja, iwe mbili. Ikiwa tatu, muulize ya tatu ni ya nani. Hii ni muhimu hata kwa gari uliyonunua kwa mtu hapa hapa, unaweza kukuta zimesajiliwa nne na wewe umepewa moja, basi zifutwe zote zisajiliwe zako. Lakini sikufichi, kopi haionekani kwenye hesabu hiyo, kwa sababu gari inaiona ni ufunguo ule ule. Kwa hiyo ufunguo wa chipu usimwachie mtu usiyemjua nusu siku. Pale pa kuosha, ukiweza, kaa. Usipoweza, mwache na ufunguo peke yake, toa funguo za nyumba na usiseme unakaa wapi.

Kwa ile ya ndani ya nyumba, ni kweli. Ufunguo wa smati unasikiliza gari muda wote, wezi wanakuja wawili, mmoja na chombo karibu na mlango wa nyumba, mwingine kando ya gari, vile vyombo vinarefusha mawimbi, gari inadhani ufunguo umefika, inafunguka na inawaka. Kwa hiyo ufunguo usiutundike msumarini nyuma ya mlango wa mbele, na hapa Tudor nyumba nyingi mlango uko hatua chache tu kutoka gari ilipo. Upeleke chumba cha ndani. Ukitaka zaidi uweke kwenye kopo la biskuti la bati lenye mfuniko unaobana. Lakini kopo lenyewe lijaribu kwanza: tia ufunguo, funika, lishike kopo mkononi usimame kando ya gari na ushike kitasa. Ikifunguka, kopo hilo halifai, tafuta jingine.